Kanisa la Kwenye Kalenda

Mambo haya nitawasimulia kama yalivyotokea, bila kuongeza chumvi hata punje, maana katika umri wangu wote sijawahi kuwa mtu wa chumvi. Kweli sikuwepo yalipotokea. Na hiyo chumvi, aliyenikataza ni daktari. Kuhusu pilipili hakusema neno.

Palikuwa na mama mmoja mjane ambaye jina lake la ubatizo lilikwisha kusahauliwa hata na waliombatiza. Watu walimwita Katibu, kwa kuwa alikuwa katibu wa umoja wa akina mama kanisani kwao kwa miaka kumi na mmoja, na kila uchaguzi ulipofika wenzake walimpigia kura kama mtu anavyofunga dirisha mvua ikianza: bila kufikiri. Mama huyu alipanda ndege kwenda kumtembelea mwanawe ng'ambo, akapokewa kwenye nyumba ya vyumba viwili, ghorofa ya nne, yenye dirisha linalotazama dirisha la watu wengine. Ruhusa yake ya kukaa ilikuwa mwezi mmoja. Sandukuni alikuwa na magauni manne, dawa za presha, na kitambaa cha altare.

Hicho kitambaa ndicho kilichompeleka. Mwana alikuwa kisingizio.

Akina mama kumi na wawili walikaa miezi minne wakikidarizi, kila Jumatano baada ya maombi. Msalaba katikati, kwa uzi wa rangi ya dhahabu. Ngano upande huu, zabibu upande ule. Zabibu alizidarizi Mkunga, mama mzee aliyezalisha nusu ya washarika, na alizifumua mara tatu kwa sababu hazikuwa na uvimbe wa zabibu anaoutaka yeye. Pamoja na kitambaa kulikuwa na barua ya salamu, kurasa mbili na muhuri wa kanisa, ya kusomwa mbele ya washarika wa kule. Na Katibu, siku ya kuagwa, alisimama mbele ya watu akasema, "Kitambaa hiki nitakitandika kwa mikono yangu hii. Nami nitarudi na majibu, yenye muhuri." Wakapiga vigelegele. Kwao barua isiyo na muhuri ni karatasi ya kufungia karanga.

Kanisa lenyewe walilijua wote. Lilikuwa kwenye kalenda aliyotuma yule mwana mwaka wake wa kwanza ng'ambo, nayo ilitundikwa ofisini kwa mchungaji. Mwaka wa kalenda ulikwisha zamani, lakini hakuna aliyeitoa, kwa ajili ya picha: kanisa la mawe meusi, lenye umri wa karne nyingi, minara miwili, mmoja mrefu na mmoja mfupi wenye kofia ya kijani. Mtu akiingia ofisini kuandikisha mtoto au maiti, Katibu alimwonyesha. "Hapo ndipo anaposali kijana wangu. Mzee wa kanisa, hapo."

*

Siku ya Jumamosi, ikiwa zimebaki siku tatu arudi, Katibu alimkuta mwanawe jikoni akifunga kamba za viatu kwa haraka ya mtu anayetoroka.

"Kesho ndiyo Jumapili yangu ya mwisho," alisema.

"Najua, Mama."

"Jumapili ya kwanza mchungaji aliumwa mafua. Nikasema apone. Ya pili wakapaka rangi. Nikasema ikauke. Ya tatu ukaniambia kanisa zima limekwenda kambi ya maombi. Kanisa zima, na mlinzi?"

"Na mlinzi, Mama. Ni mwombaji sana."

Mwana huyu tumwite Dobi, maana ndiyo kazi yake. Alifanya kazi katika dobi kubwa la hospitali, mahali penye mashine zinazomeza mashuka kama nyangumi. Nyumbani ilijulikana tu kwamba yuko hospitali. Mengine watu walijaza wenyewe, na wengine walikuwa wakimtumia maswali ya uvimbe wa miguu.

"Na kesho kuna nini? Wamefiwa?"

"Kesho tutaona, Mama. Nimechelewa." Akamtazama mkewe kwa jicho lile la *nisaidie*, akatoka.

Mkewe, mkaza mwana wa Katibu, alikuwa ameshika kikombe akikiosha mara ya pili. Asubuhi za kawaida alisafisha madarasa ya shule, lakini Jumamosi alikuwa huru. Alikuwa mwanamke mpole, na upole wake ulikuwa umemwingiza katika siri asiyoitaka. Alijua kila kitu, na mumewe alimwapisha.

"Mkwe wangu," Katibu alisema, "vaa koti. Twende tukaone mji."

"Mama, kuna baridi."

"Mimi ni mgeni wa karibu wiki nne. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; nyinyi mmenipa mashine ya kufyonza vumbi, sikulalamika. Lakini nimekaa humu kama kuku wa mayai. Leo natoka. Ukipenda nifuate, ukipenda baki uoshe hicho kikombe mpaka kitoboke."

Akachukua mkoba wake mkubwa. Mkwe hakuuliza kwa nini mkoba wa kwenda kuona mji umevimba hivyo.

*

Walipita mtaa wa maduka ya simu, wakapita daraja, wakapita uwanja wenye sanamu ya mtu juu ya farasi. Katibu aliuliza yule ni nani, Mkwe akasema hajui. Miaka mitatu anapita pale kwenda kazini, hajawahi kuwa na dakika ya kumtazama usoni. Walipofika kwenye njia panda, Mkwe akamshika Katibu mkono, akamvuta kushoto.

"Huku kuna soko la nguo, Mama."

"Na kule?"

"Kule kuna upepo."

"Upepo wa kule umekosana na wa huku?" Katibu akageuka kulia, na baada ya nyumba tano akasimama katikati ya njia, baiskeli ikampita kidogo impige.

Juu ya mapaa ulionekana mnara mrefu. Pembeni yake mfupi, wenye kofia ya kijani.

"Mkwe wangu," alisema. "Si ndilo lile?"

Mkwe alitazama viatu vyake.

Katibu hakusubiri jibu. Alitembea kama msichana, akiyakanyaga yale mawe ya barabara yaliyochongoka, huku akimshukuru Mungu kwa sauti. Lilikuwa kubwa kuliko la kwenye kalenda. Watakatifu wa mawe walijipanga juu ya mlango, wengine bila pua, wengine bila mikono, mvua ya miaka mingi imewalamba. Akapandisha ngazi, akagusa ukuta kwa kiganja, akakibusu kiganja. Machozi yalimtoka. Alikuwa amefika.

Mlangoni kulikuwa na kidirisha cha kioo, na nyuma yake msichana wa miwani anayekata tiketi.

"Anasema watu wazima wangapi," Mkwe alitafsiri, akiwa na uso wa mtu aliyemeza mfupa.

"Wangapi wa nini?"

"Kuna... kiingilio, Mama."

"Kiingilio! Kanisani? Sadaka hutolewa ndani, kwa moyo. Mwambie mimi ni mama yake mzee wa kanisa hili. Mwambie jina la mume wako."

Mkwe akainama kwenye kidirisha, akasema kitu kifupi. Msichana akatabasamu, akabonyeza mashine, zikatoka tiketi mbili. Mkwe akalipa kwa haraka huku akiufunika mkono.

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia... amefurahi sana kukuona, Mama. Wazee wanalipa nusu."

"Wazee wa kanisa?"

"Wazee wa umri."

*

Ndani kulikuwa kimya na harufu ya sabuni ya sakafu. Watu walitembea wakiwa wameweka vidude masikioni, wakitazama juu wote kwa pamoja, kisha kushoto wote kwa pamoja, kama mbuzi waliosikia mluzi. Viti vilizungushiwa kamba. Kisima cha ubatizo kilifunikwa kioo, na chini ya kioo mtu alikuwa ameingiza sarafu, sijui kwa ufundi gani. Mahali ambapo mchungaji angevalia joho palikuwa duka: vikombe vyenye picha ya kanisa, sabuni zenye picha ya kanisa, na kalenda.

Katibu aliitazama ile kalenda muda mrefu. Ilikuwa ya mwaka huu. Picha ni ile ile.

"Vitabu vya nyimbo viko wapi?" aliuliza.

Mkwe aliugeuza uso kwenye vikombe.

"Nakuuliza, mwanangu. Mchungaji anakaa wapi? Hawa watu wenye vidude ndio wanakwaya?"

"Mama, twende nyumbani. Nitakueleza."

"Nieleze hapa hapa. Nyumba ya Mungu haina siri."

Basi Mkwe akamweleza, akinong'ona, huku akitazama sakafu yenye majina ya wafu. Kwamba hapa hapasaliwi. Kwamba ibada ya mwisho ilifanyika kabla ya yule msichana wa tiketi kuzaliwa. Kwamba hili sasa ni jumba la makumbusho, ni la serikali ya mji, watu huja kutazama. Kwamba mume wake hakuwahi kusali hapa hata siku moja.

Katibu aliushika mkoba wake kwa mikono miwili. Alikwenda mbele taratibu, mpaka penye kamba ya mwisho, akapiga magoti juu ya mawe. Kama hapasaliwi, leo patasaliwa. Alifumba macho akaanza, kwa sauti ile aliyozoea Jumatano, sauti inayotafuta dari. Dari ya pale ilikuwa mbali, ikamrudishia kila neno.

Alipofumbua macho, alikuta watu saba wamesimama nusu duara wakimpiga picha. Mmoja, mama wa makamo mwenye kofia, alimwashiria kwa mikono arudie pale alipoinua uso.

Sasa hapo ndipo shetani, au Mungu, maana wote wawili huwa kanisani, alipomwingia. Katibu alisimama, akafungua mkoba, akaruka kamba. Nimesema aliruka, umri wake sitautaja, lakini aliinua gauni, akaweka mguu mmoja, akaweka wa pili, na hapo ikahesabika ameruka. Akakikunjua kitambaa, akakikung'uta mara moja, akakitandika juu ya altare. Msalaba ulikaa katikati kabisa. Zabibu ziliangukia upande wa kulia, zimevimba vizuri. Kwa muda wa pumzi mbili hivi, altare ile ilikuwa altare.

Kisha king'ora kikalia.

*

Mlinzi alikuwa mtu mstaarabu, na ustaarabu wake ndio uliouma. Hakumshika. Aliwaonyesha njia kwa mkono ulionyooka, kama anawakaribisha chakula, mpaka kwenye ofisi ndogo nyuma ya duka. Kitambaa akakibeba yeye, akiwa amevaa glavu nyeupe.

Akaja mwanamke mwenye nywele za mvi zilizokatwa fupi, msimamizi wa makumbusho. Akakitandaza kitambaa mezani chini ya taa, akawasha kompyuta, akaanza kutazama picha za vitambaa vya zamani, kimoja baada ya kingine. Alikuwa akilinganisha.

"Anatafuta nini?" Katibu aliuliza.

Mkwe alikaza mshipi wa koti. "Anataka kujua tumekitoa wapi, Mama."

"Tumekitoa nyumbani."

"Nimemwambia. Anasema mlinzi hakuona tukiingia nacho. Aliona tu tukiwa nacho kwenye altare. Wana vitambaa vya zamani kwenye makabati. Anasema vinafanana."

Katibu alisogea mezani. Aligusa kona ya kitambaa. Mlinzi, kwa upole, akausogeza mkono wake pembeni.

"Mwambie," alisema mwishowe, "hapa kwenye ngano kuna fundo. Ageuze aone. Aliyedarizi hapa macho yake ni mabovu, akaacha fundo, tukamwambia Mungu hatazami upande wa nyuma. Mwambie ageuze!"

Msimamizi akageuza. Fundo lilikuwepo. Akaandika kitu, akasema kitu.

"Anasema wanahitaji mtu mwenye vitambulisho vya hapa aje atudhamini. Changu nimekiacha nyumbani. Nimempigia mwanao."

Wakakaa. Katika chumba kile kulikuwa na viti viwili, na mlinzi alisimama mlangoni. Mara mbili wateja wa duka walichungulia, wakidhani ni choo.

Dobi alifika baada ya saa nzima, akiwa na sare yake ya kazi, ya buluu, imeloa mpaka mapajani, na nambari yake kifuani. Kabla hajafika waliisikia sauti yake nje, ikimuuliza msichana wa tiketi njia ya ofisi ni ipi. Msichana alimwelekeza mara mbili, maana mara ya kwanza alipotelea kwenye vyoo.

"Mzee wa kanisa," Katibu alisema alipoingia, "kanisa lako ni kubwa sana, eti? Hata wewe linakupoteza."

Dobi alikwenda mezani. Alitoa kitambulisho, akajaza karatasi, akaomba msamaha kwa lugha ya kule, akainamisha kichwa mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Msimamizi naye akaomba msamaha. Mlinzi naye. Ilikuwa kama mashindano. Kisha msimamizi akaandika hati ya mistari michache, akatia sahihi, akafungua droo, akatoa muhuri. Pwaa! Muhuri wa duara, wino wa zambarau, na katikati yake minara miwili, mmoja mrefu na mmoja mfupi.

Katibu aliutazama ule muhuri.

"Karatasi hiyo naishika mimi," alisema.

*

Walikaa kwenye benchi nje, watatu, Dobi katikati. Njiwa wakaja kuangalia kama kuna makombo.

"Wiki yangu ya kwanza nilikuja kulitafuta kanisa, Mama," Dobi alisema. "Kweli nililitafuta. Nikaona hili, nikaona foleni, nikasema hawa watu wanampenda Mungu mpaka wanapanga foleni. Nilipofika dirishani wakanidai kiingilio. Nilikuwa na hela ya mkate. Nikaona aibu kugeuka mbele za watu, nikasema nataka kalenda. Kalenda ilikuwa rahisi kuliko tiketi."

"Kisha?"

"Kisha nikapata kazi, na zamu niliyopewa ni ya Jumapili, kwa kuwa wenye nchi hawaitaki. Mnapiga simu Jumapili, mnaniuliza mbona sipokei. Ningesema nini? Nilikuwa nasukuma toroli la mashuka ya wagonjwa. Nikasema niko kanisani."

"Na uzee wa kanisa je? Huo nao ulikuwa kwenye toroli?"

Dobi alimgeukia mama yake, na kwa mara ya kwanza tangu ampokee uwanja wa ndege alimtazama machoni. "Mama, huo uzee mimi sikuutaja hata mara moja. Mimi nilisema nakwenda kanisani. Wewe ulipofika sokoni, nikawa naimba kwaya. Ulipofika kwenye kikao cha akina mama, nikawa mzee. Siku moja mchungaji akanipigia kunipongeza. Ningemwambia mama yangu ni mwongo?"

Mkwe alikohoa, ingawa hakuwa na kikohozi.

Katibu alikaa na kauli hiyo. Ilikuwa chungu, na ubaya wa dawa chungu ni kwamba huwezi kuitema mbele za watoto uliowalazimisha kuimeza. Akawafukuza njiwa kwa mguu.

"Karatasi inasemaje?" alimuuliza Mkwe.

Mkwe akaichukua, akaisoma kimya, akaikunja. "Inasema kitambaa ni chako, Mama. Na muhuri."

"Basi?"

"Basi."

Nyumbani, Mkwe alishika kitambaa kwa mikono miwili, akauliza, "Tukiweke wapi?"

"Popote pasipo na kiingilio," Katibu alisema, akaingia chumbani akafunga mlango. Wakakiweka juu ya kabati, kati ya sanduku na feni mbovu, na ile barua ya salamu isiyosomwa juu yake; hata siku ya safari havikuteremshwa.

Siku ya pili, Jumapili, Dobi alikwenda zamu. Hakuaga kwa uongo wowote. Alisema, "Mama, nakwenda kufua," na Katibu akamwambia, "Fua vizuri."

*

Kwao, Jumapili iliyofuata, kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Mchungaji alitangaza kwamba Katibu amerudi salama na ana majibu. Katibu alipita mbele, amevaa sare ya umoja iliyopigwa pasi mpaka ikawa na makali. Alikuwa amepanga kusema ukweli. Hili naliamini. Alikuwa ameupanga tangu kwenye ndege, tena kwa maneno mazuri. Lakini alipogeuka akawaona wale wenzake kumi na mmoja wa kudarizi wamekaa benchi la mbele, vilemba vyao, vidole vyao vilivyochomwa na sindano miezi minne, na Mkunga katikati amenyoosha shingo, ukweli ule ukamwona mchungaji na washarika, ukageuka, ukatoka kwa mlango wa nyuma.

Akaikunjua karatasi, akaiinua juu waone muhuri. Kanisa likapumua: minara ile ile!

"Imeandikwa kwa lugha ya kule," alisema. "Lakini nimetafsiriwa, nitawasomea kwa Kiswahili." Akavaa miwani. "Wapendwa katika Bwana. Tumepokea kitambaa chenu kwa machozi ya furaha. Kimetandikwa kwenye altare yetu siku hiyo hiyo, mbele ya umati mkubwa, na kengele zikalia."

Kwa haki, kuhusu umati hakudanganya sana. Na king'ora nacho ni jamaa wa kengele.

"Kazi ya mikono yenu imetugusa," aliendelea, sasa amekwisha kupata mwendo. "Hasa zabibu. Hatujapata kuona zabibu kama hizi."

Mkunga alifunika uso kwa leso akalia. Vigelegele vikapasua bati. Mchungaji akaomba karatasi itiwe kwenye fremu, itundikwe ofisini karibu na kalenda. Watu wakaanza kusimama.

"Jamani, subirini," Mkunga alisema, akijifuta macho. "Katibu, dada yangu, umesoma mbio, nami masikio yangu ni ya kizamani. Hayo ya zabibu nataka niyasikie tena."

"Nitakuja kukusomea nyumbani, mama."

"Usihangaike na safari. Mpwa wangu ameniletea simu. Inasoma kila kitu! Unaielekezea maandishi ya lugha yoyote, yenyewe inakwambia kwa Kiswahili, tena kwa sauti ya mtu aliyesoma. Juzi imenisomea chupa ya dawa." Alikwisha simama, anakuja na simu yake mkononi, uso wote tabasamu.

Katibu alianza kuikunja karatasi. "Wino wa kule hausomeki na simu za huku."

"Tujaribu tu, dada."

Mchungaji naye alicheka, akainyoosha ile karatasi juu ya meza ya mbele, karibu na kipaza sauti, ili na walio madirishani wafaidi. Mkunga akaielekeza simu kwa mikono miwili, kama anavyomshika mtoto mchanga. Simu ikafikiri kidogo. Kisha ikasema, kwa sauti ya mwanamke msafi asiye na huruma wala ubaya:

"Hati ya kurudisha mali. Kitu: kitambaa kimoja cha pamba. Kimedariziwa kwa mkono. Kazi ya kisasa. Hakina thamani ya kihistoria. Si mali ya makumbusho. Kimerudishwa kwa aliyekutwa nacho. Mhusika alivuka kamba. Ameonywa asirudie."

Maneno yale, *hakina thamani*, Katibu mwenyewe alikuwa hajawahi kuyasikia. Mkwe wake aliyameza pale kwenye benchi, kwa upole wake. Yalimpiga wakati mmoja na yalipowapiga wenzake, kwa hiyo kwa muda kidogo walikuwa kitu kimoja, wanawake kumi na wawili, midomo wazi.

Muda kidogo tu.

"Imekosea," Katibu alisema. "Hizo simu zinakosea sana."

Mkunga akaielekeza simu tena, polepole, akiitoa vumbi karatasi kwa ncha ya leso. Simu ikarudia yote, neno kwa neno, mpaka kwenye onyo. Mkunga hakuitazama tena. Alimtazama Katibu, na tabasamu lilikuwa bado halijaondoka usoni, limesahauliwa pale.

"Karatasi hii umeileta wewe, dada," alisema, na kipaza sauti kikapeleka maneno mpaka madirishani. "Sasa huyo aliyekutwa na kitambaa chetu, akaonywa, ni nani?"